Nyuso Nane, Ncha Sita



Mnunuzi wa koltani akifika kwenye depo huuliza swali moja: tantalamu ni asilimia ngapi? Akiambiwa thelathini anataja bei, akiambiwa kumi na tano anakunja uso. Mchimbaji amezoea hesabu hiyo. Na koltani ikitajwa redioni huwa ni kwa ajili ya bei, au vita, au zile lebo zinazofungwa kwenye mifuko ili watu wa ng'ambo waamini kwamba haikupita mikononi mwa wenye bunduki. Hayo ni mambo makubwa na yana vipindi vyake. Leo nina swali jingine, ambalo haliulizwi kwenye depo: hiyo tantalamu, pamoja na mwenzake niobiamu, imekaaje ndani ya jiwe? Imezungukwa na nani? Imeshikana vipi na jirani zake?

Niseme mapema ninachokiamini, mtu asije akanisikiliza kipindi kizima akitafuta nimekusudia nini. Jiwe la jimbo letu la Maniema, hapa Kongo, linatafutwa kwa sababu atomu zake zinakubali kupangwa upya. Likitoka hapa lina mpango mmoja. Huko liendako linayeyushwa kwa tindikali, linasafishwa, atomu zinapewa mpango mwingine, na faida kubwa inakaa kwenye mpango huo wa pili.

Tuanze na punje yenyewe. Ukiosha mchanga kwenye karai, maji yanaondoka na kilicho chepesi, chini unabaki mchanga mweusi mzito. Ndani yake mna kasiteriti, ile oksidi ya bati iliyoipa Kalima sifa yake tangu enzi za Wabelgiji. Mna koltani, yaani kolumbaiti na tantalaiti zilizochanganyika. Mara nyingi mna na chuma cha sumaku, kinachomkera mnunuzi. Huku Kabambare wengi wetu tunaijua zaidi dhahabu ya Namoya, lakini ukipanda kuelekea Kalima, Kailo na Punia, mchanga huo mweusi ndio umelisha nyumba nyingi. Tantalaiti safi huwa nzito karibu mara nane ya maji ya ujazo uleule. Kolumbaiti, yenye niobiamu nyingi, inazidi mara tano kidogo. Ndiyo maana mzee aliyezoea anaweza kupima kwa kiganja tu, na hakosei sana. Lakini kwa mpangilio wa ndani, kolumbaiti na tantalaiti ni jiwe moja: chuma na manganizi, niobiamu na tantalamu, na oksijeni nyingi.

Sasa tuingie ndani. Kila atomu ya tantalamu imezungukwa na oksijeni sita: moja juu, moja chini, nne kandokando. Ukiziunganisha hizo sita kwa mistari unapata umbo linaloitwa oktahedra, yaani piramidi mbili zilizokutanishwa kitako kwa kitako. Lina nyuso nane za pembetatu, ncha sita na kingo kumi na mbili. Niobiamu nayo inakaa hivyo hivyo, maana atomu hizi mbili karibu zinalingana kwa ukubwa. Ndiyo sababu zinachanganyika katika jiwe moja, na ndiyo sababu kuzitenganisha ni kazi ya viwanda vyenye tindikali kali, kazi ambayo hakuna karai itakayoiweza.

Oktahedra haikai peke yake. Oksijeni moja inaweza kuwa mali ya oktahedra mbili kwa wakati mmoja. Zikichangia oksijeni moja, zimegusana ncha. Zikichangia mbili, zimeshikana ukingo. Zikichangia tatu, zimebanana uso kwa uso. Naomba mshike hayo mawili ya kwanza, ncha na ukingo. Ndani ya koltani, oktahedra zimeshikana kwa kingo na kuunda minyororo inayokwenda ikipinda huku na huku. Tena minyororo hiyo imepangwa kwa zamu: safu moja ya chuma na manganizi, safu mbili za niobiamu na tantalamu, kisha chuma tena. Kwa hiyo punje iliyomo kwenye karai tayari ni kitu cha tabaka, ila tabaka zake zimebanana. Oktahedra iliyoshikwa kwa ukingo haina nafasi ya kugeuka, na atomu iliyofungiwa katikati haina pa kuhamia.

Mwaka 1839 mtaalamu mmoja wa madini huko Berlin, Gustav Rose, alilichunguza jiwe lililotoka milima ya Ural nchini Urusi. Lilikuwa oksidi ya kalsiamu na titaniamu, akalipa jina la bwana mkubwa wa Kirusi aliyependa mambo ya madini, Lev Perovski. Ndiyo hiyo perovskaiti. Gustav alikuwa na kaka, Heinrich Rose, mwanakemia wa mji huohuo. Na huyo Heinrich, mwaka 1844, ndiye aliyeonyesha kwamba ndani ya kolumbaiti mna metali ambayo si tantalamu, akaiita niobiamu. Watoto wa baba mmoja: huyu ameshika perovskaiti, yule ameshika koltani, na wala hawakujua kwamba iko siku vitu hivyo viwili vitakutana. Wangejuaje? Njia ya kutambua atomu zilivyokaa haikuwepo mpaka mwaka 1912, wakati Max von Laue na wenzake walipoipitisha mionzi ya eksirei katika fuwele, wakaona inatawanyika kwa mpango maalumu na kuacha madoa kwenye bamba la picha. Mwaka uliofuata Bragg wawili, baba na mwana, wakaonyesha namna ya kuyasoma madoa hayo na kukokotoa umbali kati ya safu moja ya atomu na nyingine.

Katika perovskaiti oktahedra hugusana kwa ncha tu, pande zote: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Kila oktahedra nane zinaacha uwazi katikati yake, na humo inakaa atomu kubwa, iwe kalsiamu, sodiamu, strontiamu au bariamu, ikiwa na oksijeni kumi na mbili za kuizunguka. Basi. Mpango wote unaandikwa kwa herufi tatu: A, B, na O tatu. A ndiye mkubwa wa uwazini, B ndiye mdogo wa ndani ya oktahedra.

Victor Goldschmidt, aliyefanya kazi Oslo, alitoa mwaka 1926 hesabu fupi ya kujua kama A na B wataenea vizuri katika nafasi zao. A akiwa mdogo kuliko uwazi aliopewa, oktahedra zinamwinamia, zinageuka kidogo huku na huku mpaka zimkumbate. B akiwa na nafasi ya ziada ndani ya oktahedra yake, anasogea upande mmoja, na chaji ya umeme inasogea naye. Kuinama na kusogea: karibu kila kinachozifanya perovskaiti zitafutwe kinatokana na mambo hayo mawili, na yote mawili yanawezekana kwa sababu oktahedra zimeshikana kwa ncha.

Tena msidhani ni kitu adimu. Kuanzia kilomita kama 660 chini ya hapo ulipokaa, madini yaliyo mengi kuliko yote katika dunia hii, brijimanaiti, yenye magnesiamu na silikoni, yamepangwa kwa mtindo huohuo. Hakuna shimo litakalofika huko, hata mchimbaji awe na moyo wa simba.

Sasa sikilizeni hili la kwetu. Katika eneo la Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, kuna mahali panapoitwa Lueshe. Hapo pana kabonatiti, miamba iliyopanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka, lakini kemia yake inafanana na ya chokaa. Lueshe ilijulikana kwa niobiamu iliyomo katika madini ya pirokloro. Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mtaalamu aliyeitwa Safiannikoff aliandika katika jarida la chuo cha kifalme cha Ubelgiji cha sayansi za ng'ambo juu ya madini mapya aliyoyapata hapo: fuwele nyeusi, umbo lake karibu mchemraba, sodiamu moja, niobiamu moja, oksijeni tatu. Yakaitwa lueshaiti. Na mpangilio wake ni perovskaiti kabisa. Yaani Kongo ina perovskaiti yake ya niobiamu, yenye jina la kijiji cha Kongo, na jina hilo limo katika kila orodha ya madini duniani. Mimi nikiwa sekondari nilijifunza majina ya mito ya Ubelgiji. Lueshaiti sikuitajiwa hata siku moja.

Sodiamu ni ndogo kwa uwazi wake, kwa hiyo oktahedra za lueshaiti zinainama. Ukiipasha moto zinabadili namna ya kuinama. Ukizidisha zinabadili tena. Helen Megaw wa Cambridge, mwanamke yuleyule aliyeeleza mwaka 1945 atomu za titanati ya bariamu zilivyokaa, aliandika mwaka 1974 juu ya mikao saba ya kiwanja hiki cha sodiamu na niobiamu, na kwa kiwanja namaanisha atomu za aina mbalimbali zilizoungana kikemia. Kemia ni ileile, mikao saba, kadiri joto linavyopanda na kushuka. Wataalamu wa fuwele bado wanagombana juu ya baadhi ya mikao hiyo, na ugomvi wao ni wa vipande vidogo vya nanomita, ambapo nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni.

Kuna faida gani? Mama mjamzito akienda kupimwa kwa ekografi, kile kifaa kinachopitishwa tumboni kina kauri ambayo ikipewa umeme inatetemeka, na ikitikiswa inatoa umeme. Kauri ya kawaida ya kazi hiyo ni perovskaiti yenye risasi, na risasi ni sumu. Mwaka 2004 watafiti wa maabara kuu ya Toyota huko Japani, wakiongozwa na Yasuyoshi Saito, walitangaza kauri isiyo na risasi iliyokaribia nguvu za ile ya zamani. Msingi wake ni niobiamu pamoja na sodiamu na potasiamu. Ni wa ukoo wa lueshaiti, ila nusu hivi ya sodiamu imempisha potasiamu, na vikaongezwa viungo vingine, mojawapo ikiwa tantalamu. Kongo haikutajwa, na sina haja ya kulalamika, kwa sababu niobiamu nyingi ya dunia inatoka Brazil na sehemu kubwa yake inaishia kwenye chuma kigumu cha mabomba na madaraja. Lakini mkao waliouchezea watu wa Toyota ni uleule ambao jina lake katika vitabu vya madini lilitoka Rutshuru.

Hadi hapa nimezungumza juu ya perovskaiti iliyoungana pande zote. Tuje kwenye zile za tabaka.

Mwashi wa matofali ya kuchoma anajua kwamba ukuta ni kozi juu ya kozi, na kati ya kozi na kozi pana udongo. Sasa fikiria mwashi wa ajabu ambaye anapanga kozi mbili za oktahedra bila udongo wowote, ncha kwa ncha, halafu anatandika udongo, halafu kozi mbili tena, halafu udongo. Au anapanga kozi moja moja. Au tatu tatu. Oksidi za tabaka za jamii ya perovskaiti ni hivyo tu: vipande vya perovskaiti vya unene fulani, kati yake kitu kingine. Mambo mawili yanatofautisha ukuta mmoja na mwingine, yaani idadi ya kozi, na aina ya udongo.

Udongo wa kwanza umepangwa kama atomu za chumvi ya mezani zinavyopangwa. Waliouonyesha ni Ruddlesden na Popper, mwaka 1957 na 1958, katika maabara ya kauri ya Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi wa Uingereza. Katika ukoo huu kipande cha juu kinasogezwa nusu hatua, ncha za kozi za chini hazikutani na ncha za kozi za juu. Ukoo huo ulipata sifa mwaka 1986, wakati Bednorz na Müller wa IBM huko Zürich walipochukua oksidi ya shaba yenye lanthanamu na bariamu, ya kozi moja moja, wakaona inaanza kupoteza upinzani wake wa umeme kwenye baridi ya nyuzi kama 30 juu ya sifuri halisi. Mwaka uliofuata wakapewa Nobeli. Sitakaa hapo, kwa sababu shaba ni hadithi ya ndugu zetu wa Katanga nasi tunayo ya kwetu.

Udongo wa pili ni safu moja ya potasiamu, sidiriki kuuita udongo, maana ni mwembamba mno. Ukoo huo ni wa Dion na wenzake wa Nantes, Ufaransa, mwaka 1981, na baadaye Jacobson. Kiwanja chao maarufu kina potasiamu, kalsiamu mbili, niobiamu tatu na oksijeni kumi. Kozi ni tatu, zote za niobiamu. Nitarudi kwake.

Udongo wa tatu ndio unaonivutia kuliko yote, nao ni bismathi na oksijeni.

Mwaka 1929, Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, pamoja na Spencer wa London, walieleza madini mapya kutoka kilima cha Gamba, Busiro, katika Buganda. Yalikuwa na bismathi na tantalamu, wakayaita bismutotantalaiti. Ndani yake mna karatasi za oktahedra za tantalamu zilizoshikana kwa ncha, na kati ya karatasi na karatasi mna bismathi na oksijeni. Ni kozi moja, na udongo. Oktahedra hazijanyooka kama za perovskaiti, karatasi zimejikunja, lakini wazo zima limo humo, limelala ndani ya kilima cha Waganda, kabla mtu yeyote hajalitengeneza kwenye tanuri.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1949, Msweden Bengt Aurivillius alianza kuchapisha makala juu ya oksidi za bismathi zenye tabaka. Kiwanja cha kwanza kabisa alichokieleza kilikuwa cha kalsiamu, niobiamu na bismathi: kozi mbili za oktahedra za niobiamu, kisha safu ya bismathi na oksijeni, kisha kozi mbili. Cha pili kilikuwa cha titaniamu, kozi tatu tatu. Na mwaka 1951 akachapisha uchunguzi wake wa eksirei juu ya viwanja vitatu, mojawapo kikiwa ni oksidi ya bismathi na tantalamu, kemia ileile ya jiwe la Gamba. Ukoo mzima leo unaitwa kwa jina lake, nao umekuwa mkubwa.

Aurivillius alitaka tu kujua atomu zimekaaje. Hakuwa na biashara. Mwaka 1959 ndipo Smolenskii na wenzake wa Leningrad walipoonyesha kwamba kimojawapo cha viwanja hivi, cha risasi, bismathi na niobiamu, kina tabia ya kukumbuka umeme. Nieleze. Ukikipa umeme kwa upande huu, atomu zinasogea kidogo upande mmoja; ukiondoa umeme, hazirudi, zinabaki palepale. Ukikipa umeme wa upande wa pili, zinahamia huko, na hapo pia zinabaki. Kulia iite moja, kushoto iite sifuri. Umeshaandika, na umeme ukikatika, maandishi hayafutiki. Sisi tuliozoea umeme wa kukatika tungepaswa kuwa watu wa kwanza kulipenda jambo hili.

Shida ya kauri za zamani zenye risasi, zikiwekewa waya za platini, ilikuwa kuchoka: ukiziandika na kuzifuta mara milioni nyingi, zinaanza kusahau. Mwaka 1995 Carlos Paz de Araujo wa Chuo Kikuu cha Colorado, akiwa na wenzake, alitangaza katika jarida la Nature utando mwembamba wa ukoo wa Aurivillius ambao haukuchoka hata baada ya kugeuzwa mara trilioni moja. Kiwanja kilichobeba sifa hiyo ni cha strontiamu moja, bismathi mbili, tantalamu mbili, oksijeni tisa. Tantalamu, wasikilizaji. Kozi mbili za oktahedra za tantalamu, katikati yake strontiamu kwenye uwazi, juu na chini safu ya bismathi. Kikatumika katika vihifadhi data vya umeme mdogo, pamoja na vile vya kadi zinazosomwa kwa kusogezwa tu karibu na mashine.

Kuna jambo moja la kiwanja hiki ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha. Kozi zikiwa shufwa, mbili au nne, mwelekeo wa umeme hulala ndani ya tabaka, hauwezi kusimama, kwa sababu kinachosukumwa juu na kozi moja kinasukumwa chini na mwenzake, vinafutana. Kozi zikiwa witiri, kama zile tatu za titaniamu, ile ya katikati haina wa kumfuta, na mwelekeo unainuka kidogo. Kwa hiyo mwenye kutaka kuandika kutoka juu kwenda chini hana budi kuhesabu kozi zake, ama ajue kuugeuza utando wenyewe ulale upande.

Mtu anaweza kuniuliza watu wanajuaje hayo yote, nani amehesabu. Jibu ni yale madoa ya eksirei. Kadiri umbali wa kutoka tabaka moja hadi ya kufanana nayo unavyokuwa mkubwa, ndivyo doa lake linavyosogea karibu na mahali mwale ulipopita moja kwa moja. Katika kiwanja cha strontiamu na tantalamu nilichokitaja, ukipanda ngazi nzima, tabaka zote mpaka mpango unapoanza upya, ni kama nanomita mbili na nusu. Ukipata umbali huo umepata na idadi ya kozi, maana kila kozi ina kimo chake cha karibu nanomita 0.4.

Sasa nisiwadanganye. Sehemu kubwa ya tantalamu ya dunia haiendi kwenye tabaka hizi. Inaenda kwenye kapasita, vile vidude vidogo kuliko punje ya mchele ndani ya simu, na kwenye aloi za injini za ndege. Ndani ya kapasita kuna unga wa tantalamu uliovikwa ngozi nyembamba ya oksidi yake, na hiyo ngozi haina mpango wowote, atomu zimekaa shaghalabaghala kama za kioo, na kazi yake inataka hivyo. Kwa hiyo yule anayesema simu yako ina fuwele za Maniema amekosea mara mbili: fuwele ya Maniema ilivunjwa zamani, na ngozi ya oksidi iliyotokana nayo haina ufuwele. Nasema hivi kwa sababu vijana wetu wanalishwa maneno mengi matamu juu ya koltani, na mtu aliyelishwa utamu hajui aulize nini.

Nilisema nitarudi kwa Dion. Kiwanja kile cha potasiamu na niobiamu kina udongo mwepesi wa kuosha. Kiloweke katika tindikali, potasiamu inatoka, haidrojeni inaingia mahali pake, kozi tatu za niobiamu hazina habari. Kisha kitie katika maji yenye chembe kubwa za kikaboni, nazo zinajipenyeza kati ya tabaka, tabaka zinaachana, mwishowe kila moja inaelea peke yake majini. Takayoshi Sasaki na wenzake huko Tsukuba, Japani, wameifanya kazi hii kwa miaka mingi. Kinachopatikana ni karatasi ya oktahedra yenye unene wa nanomita moja na nusu hivi, na bado inafanya kazi ya kuhifadhi chaji. Kuta zote za dunia zingekuwa hivyo, ungezibomoa bila kuvunja tofali hata moja.

Na tantalamu ikipewa mpango wa lueshaiti, sodiamu ikiwa uwazini, inafanya jambo jingine tena. Akihiko Kudo wa Tokyo na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba unga wa namna hiyo, ukiongezewa lanthanamu kidogo na kupakwa oksidi ya nikeli, unagawa maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa mwanga tu. Ila mwanga wenyewe ni ule mkali usioonekana kwa macho, na jua letu, pamoja na ukali wake wa saa sita mchana, lina kidogo tu cha mwanga huo. Kazi inayoendelea ni kumpata wa kuishika nafasi ya oksijeni, kama naitrojeni, ili unga ushike na mwanga wa kawaida.

Walimu wa sekondari wanaonisikiliza, hamhitaji mashine ya eksirei. Chukueni manila, kateni pembetatu nane zenye pande sawa, zigundisheni mpate oktahedra moja. Tengenezeni kumi na mbili. Zifungeni nne kwa uzi, ncha kwa ncha, mraba mezani. Mwanafunzi azungushe moja kuelekea kulia kwa kidole: jirani zake wawili watageuka kushoto wenyewe, na wa pembe ya mkabala kulia. Huko ndiko kuinama kwa lueshaiti. Kisha mchukue nne nyingine, mzigundishe kwa kingo badala ya uzi, mjaribu kugeuza moja. Haitageuka, na iliyogoma mkononi ndiyo koltani ya kwenye mfuko. Zilizobaki zipangwe mraba juu ya ule wa kwanza, zifungwe ncha kwa ncha ziwe kozi mbili, juu yake muweke karatasi bapa mahali pa bismathi. Kozi za darasa jirani zikiwekwa juu ya karatasi hiyo, zisogezwe nusu hatua pembeni, na mwalimu awaambie watoto wahesabu ni tantalamu ngapi kwa kila strontiamu moja.